Amani Kwanza, Kisha Mvua

Watu wengine waliingia Nairobi. Ayeyo wangu aliipigia hodi, mtaa kwa mtaa, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, na kwetu nyanya na mjukuu huitana kwa neno hilohilo. Mimi nilimwita ayeyo, naye akaniita ayeyo. Asiyetujua akitusikia tukizozana angedhani ni mtu mmoja anajijibu mwenyewe. Na tulizozana, wallahi. Yeye alikuwa mkaidi wa kuzaliwa, mimi nilikuwa mkaidi wa kurithi.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo sisi sote wa upande ule wa Tana tuliitwa shifta, yaani majambazi wa porini, hata mzee mwenye mbuzi wanne na kikohozi. Barabara ya Garissa ilifunguliwa ikafungwa, ikafunguliwa ikafungwa. Malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, na huwezi kuvuka daraja bila kibali. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, ayeyo akanilea kwa maziwa ya mbuzi na makofi machache. Nilikuwa nimefika mwisho wa masomo ambayo msichana angeweza kuyapata pale mjini kwetu. Abti, yaani mjomba wangu, alikuwa na duka la nguo Eastleigh. Akanitafutia nafasi katika shule ya wasichana Nairobi na kutuma neno kwa dereva wa lori: mleteni kabla barabara haijafungwa tena.

Ayeyo alikubali kunipeleka. Kuniacha huko, hakukubali. "Nitaona kwanza," alisema, na nyumbani kwetu maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko ya mkuu wa wilaya.

Tulifika Eastleigh vumbi likiwa limetujaa hadi kwenye kope. Abti alimbusu mama yake mkono, akatukalisha, akaanza kueleza: shule hii hapa, sare hizi hapa, kitanda atalala na binti zangu. Ayeyo akanywa chai yake yote kabla ya kufungua mdomo.

"Majirani ni nani?" akauliza.

Abti akataja nyumba ya kulia na ya kushoto.

"Sikuulizi nyumba. Malisho ya upande huu ni ya nani? Na ya upande ule?"

"Hooyo, mama yangu, hapa hakuna malisho. Ni mitaa."

"Haya, mitaa ni ya nani?"

Abti akahesabu kwa vidole. Majengo, Waswahili. Ngara, Wahindi. Kariokor kuna soko, watu wa kila aina, Wakamba wengi. Ayeyo akamuuliza kama anawajua watu hao. Abti akasema anawauzia nguo.

"Sikukuuliza unawauzia nini," ayeyo alisema. "Mtoto huyu atakuwa anapita katika nchi yao. Wasipomjua, siku akipatwa na jambo watamuuliza nani? Nitakwenda kuwaona. Wakinifaa, atabaki. Wasiponifaa, narudi naye kwa lori lilelile."

Abti aliangalia dari. Mimi niliangalia zile sare kitandani, na soksi nyeupe juu yake, nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Niliitaka shule ile mpaka nikahisi joto masikioni. Halafu nikaliwaza lile lori likiondoka na ayeyo ndani yake, mimi nimesimama chini, na barabara ikifungwa nyuma yake kwa muda asioujua mtu. Nilikuwa nikitaka mambo mawili yasiyoiva chungu kimoja.

Sasa, ili uelewe aibu iliyonipata siku zilizofuata, lazima ujue desturi. Kwetu hukatizi malisho ya watu kama unavyokata uwanja wako. Unasimama mbali kidogo, mahali macho ya wenyeji yanaweza kukufikia, unangoja. Mwenyeji hutoka. Anakuuliza amani, unajibu amani. Ndipo unampa habari, na habari zina mpangilio wake: mvua, mto, wanyama, halafu watu. Ukimaliza, naye anakupa zake. Baada ya hapo pita utakapo, wewe si mgeni tena. Anayeruka mpangilio, huyo hajalelewa. Hata uwe umetoka kuzika, unaanza na amani.

Mimi niliyesoma nikajifanya mjanja. "Ayeyo," nilimwambia asubuhi ile tukitoka, "tutasemaje amani, na kwetu askari wanachukua ngamia wa watu?"

"Amani ni mlango," akasema. "Mtu aingie kwanza mlangoni, ndipo aone kilichomo ndani."

Akachukua fimbo yake, akatia kwapani chombo chake cha nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikakatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli, tukaenda kuitazama Nairobi.

Majengo ilianzia penye bomba la maji. Ayeyo akasimama hapo, akaegemea fimbo. Wanawake walikuwa wamepanga madebe, watoto wanakimbizana, mikokoteni inapita, na sisi tumesimama kama nguzo za simu. Jua likapanda.

"Ayeyo, twende."

"Hawajatuuliza."

"Wametuona wote!"

"Kuona si kuuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hatimaye mama mmoja aliyekuwa akikaanga mahamri mlangoni kwake akainua mwiko. "Nyie mmepotea au mnauza?" Ayeyo akanigusa mgongoni. Basi nikaanza: amani, mama. Tumetoka Garissa. Mvua imenyesha kidogo, si ya kushibisha. Mto umejaa. Mbuzi wako salama, ng'ombe wamekufa wengi kwa ukame uliopita. Mama wa mahamri alinisikiliza mdomo wazi, kisha akageuka akaita uchochoro mzima: njooni jamani, bibi katoka Garissa kutuletea habari za mvua.

Walikuja. Walicheka, na Kiswahili changu walikicheka zaidi, kwa sababu niliwaambia "tunabita tu". Mmoja akasema, "Pita mwanangu, ila hiyo b yako iache hapo bombani." Lakini wakatandika mkeka. Ajuza mmoja mwenye leso mbili akasema si haki mgeni atoe habari nasi tukae na zetu, akatupa za Majengo zote: aliyejifungua, aliyeachwa, aliyerudiwa, na mwizi wa kuku aliyejulikana ila hakuna aliyethubutu kumtaja kwa kuwa ni mkwe wa mtu. Nilimtafsiria ayeyo mpaka koo likakauka. Wakaonja nyirinyiri, wakalamba vidole.

Tulipotoka ayeyo alisema, "Wanacheka sana. Chai yao ni maji. Lakini wanasikiliza." Nilijua hapo tumevuka.

Siku iliyofuata tulikwenda Ngara. Njia ilikuwa ndefu, na ayeyo alitembea kwa mwendo wake wa kuchunga, hapunguzi wala haongezi. Ngara ilikuwa na baraza, na bembea za mbao zinaning'inia barazani, na harufu ya udi na viungo kutoka madirishani. Tukasimama pembeni mwa barabara. Hapa hakuna aliyecheka, na hakuna aliyetuita. Mapazia yalisogea tu. Nikasema moyoni, hapa ndipo shule yangu inapokufa.

Mwishowe alitoka bibi mmoja wa Kihindi, mzee kama ayeyo, amevaa sari nyeupe tupu, mguu mmoja anauburuta. Akaunganisha viganja kifuani. Ayeyo akapokea salamu hiyo kana kwamba ameizoea miaka yote, nami nikaanza: amani, mvua, mto. Yule bibi alikuwa na Kiswahili cha jikoni, cha kumwambia mtu lete, weka, ondoa. Nilipofika kwa ng'ombe waliokufa akaniinulia mkono ninyamaze.

"Ng'ombe kufa? Mingi?"

"Wengi, bibi."

Akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Akafumba macho, na machozi yakamtoka, ya kweli, yakimfuata mikunjo ya uso. Ayeyo hakuwa amewahi kumwona mtu wa mji akilia kwa ajili ya ng'ombe zetu. Wale maafisa waliotujia kuhesabu mizoga hawakulia. Akanyoosha mkono, akamshika yule bibi begani, wakasimama hivyo, mimi katikati sina neno la kutafsiri.

Baadaye ayeyo akamfungulia chombo cha nyirinyiri. Nikamvuta ushungi haraka. "Ayeyo, hawa hawali nyama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akafunga kifuniko polepole, akimtazama mwenyeji wake kwa huruma. "Na bado ana nguvu ya kulia," akasema. Tukapewa maji katika kikombe cha shaba, yule bibi akituonyesha kuyamimina kinywani bila mdomo kugusa. Mimi nilijimwagia kifuani. Ayeyo hakupoteza tone.

Basi ikabaki Kariokor. Usiku ule abti alimwambia Kariokor si mahali pa mchezo, watu wa soko wana maneno, na siku hizi Msomali akionekana mgeni anaulizwa maswali. Ayeyo akasema ndiyo maana ya kwenda. Lori lilikuwa karibu kuondoka, na bado hakuwa amesema neno kuhusu mimi.

Tulisimama penye lango la soko, kati ya wauza makaa na akina mama wa Kikamba waliokuwa wamekaa chini wakisuka vyondo, mikoba yao ya mkono, nyuzi za katani mapajani. Sikuwahi hata kumaliza amani. Muuza makaa mmoja alituangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mashifta hao, wametufuata hadi huku." Soko likapoa. Mikono iliyokuwa ikisuka ikasimama.

"Amesema nini?" ayeyo akauliza.

Niliogopa. Nikamwambia tuondoke.

"Nimekuuliza amesema nini."

"Anasema sisi ni shifta."

Ayeyo akawaza. "Mwambie hiyo ni habari ya watu, na habari ya watu huja mwisho. Aanze na mvua."

Nikatafsiri, nifanye nini? Nikasema yote, kwamba tumetoka Garissa na nyanya yangu anaomba habari za mvua kwanza. Watu wengine wakacheka chini chini. Muuza makaa akatema mate pembeni. Na hapo mama mmoja msusi akainuka, chondo ambacho hakijakwisha kikimning'inia mkononi na nyuzi zake zote, akatujia moja kwa moja.

"Umesema Garissa?"

Alikuwa mwanamke mpana, msalaba mdogo shingoni. Akamshika ayeyo mkono bila hata salamu. Mwanawe wa pekee alikuwa Garissa, akasema, dresa pale hospitalini, yule wa kufunga vidonda na kupiga sindano. Serikali ilimpeleka. Mrefu, ana pengo hapa mbele. Tangu barabara ilipofungwa mara ya mwisho hajasikia kitu. Redio husema tu watu wamekufa, haisemi nani. "Umemwona mwanangu, mama?"

Nilimtafsiria ayeyo, na nikaongeza langu kwa Kisomali, kwa sauti ya chini: sema umemwona, ayeyo. Sema tu.

Alinigeukia kwa jicho lililonifanya nitake kuingia ndani ya gunia la makaa. "Nikimdanganya, atalala vizuri leo," akasema. "Kesho nitamwambia nini?" Kisha akamwelekea yule mama, akampa habari kama inavyopaswa, akisimama kila baada ya neno ili nimfikishie.

Amani. Mvua imenyesha. Mto umejaa, kwa hiyo hospitalini maji wanayo. Malori ya chakula yalifika kabla sisi hatujaondoka, nimeyaona kwa macho yangu. Hospitali imesimama, sijasikia kwamba imeguswa. Mwanao sijamwona.

Yule mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, kila jambo analipokea na kulitia mahali pake. "Basi anakula," akasema.

"Anakula kama wanavyokula wengine."

"Na maji yapo."

"Yapo."

Akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyeishikilia kwa miezi. Ayeyo akasema, "Nikirudi, nitamtafuta. Nitamwona, na utapata habari." Akampa chombo chote cha nyirinyiri. Mama yule akakipokea, halafu akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Huyu ninaangalia kama nitamwacha," nikatafsiri, maneno yangu mwenyewe kunihusu yakinitoka kama ya mtu mwingine.

"Mwache," mama akasema. "Wangu yuko kwenu. Wako akiwa kwetu, tutaulizana."

Ayeyo alikaa chini katikati ya wasusi, miguu ameinyoosha, akatazama kile chondo kikikamilishwa mpaka uzi wa mwisho, kwa maana mama alisema hataondoka mikono mitupu. Muuza makaa alituletea kigoda baadaye, akakiweka karibu nasi. Ayeyo akamkalisha pale yule muuza makaa mwenyewe na kumuuliza habari za mvua kwao. Akazitoa.

Tukirudi Eastleigh, chondo kichwani mwake, alisema bila kunitazama, "Utabaki." Nikafurahi nikalia. Ukiniuliza hadi leo kilichotangulia, siwezi kukuambia.

Lori liliondoka alfajiri. Hakunikumbatia, si desturi yake. Alinitemea baraka kichwani, akapanda kati ya magunia ya sukari, akaniambia niangalie nisiwe mtu wa kupita tu. Nikasimama pale mpaka vumbi likalala.

Na ahadi yake aliitimiza. Kila msafara ulipofika, dereva alikuja dukani kwa abti, na kabla ya kunywa maji alinipa: amani, mvua, mto, mbuzi, na dresa. Dresa ameonekana. Dresa amepelekewa maziwa, mara ya kwanza harufu ya moshi tunaofukizia vyombo vya maziwa ilimshinda, sasa anayamaliza. Dresa anafundishwa kukaa chini vizuri. Nami Jumamosi, soksi zangu nyeupe zimekuwa nyekundu kwa udongo, nilipita Majengo nikitaniwa b yangu, nikafika Kariokor, nikasimama penye lango mpaka nilipoulizwa, nikampa mama habari zake. Wasichana wenzangu darasani waliijua Nairobi kwa dirisha la gari. Mimi niliijua kwa miguu, na bado naiota ile, si hii ya leo ya maghorofa. Naota udi wa Ngara, na yule bibi wa sari nyeupe akiniuliza kutoka bembeani kama ng'ombe wamezaa.

Yule mama wa Kariokor naye alikuja kwetu mara kwa mara, lakini kusimama nje alikukataa katakata. "Mimi si ng'ombe wa kungojea zizini," alisema. Aliingia akipiga hodi huku tayari yuko jikoni, anafunua masufuria ya mke wa abti na kuuliza kwa nini hakuna maharagwe. Tulizoea kumsikia kabla ya kumwona.

Kisha mambo kule yakawa mabaya zaidi. Watu waliambiwa waache malisho wakae pamoja vijijini mahali palipopangwa, wanyama wakafa kwa kubanana, na homa ikaingia. Misafara ikawa adimu. Kwa muda mrefu dereva hakuja kabisa.

Jioni moja nilikuwa nikikunja vitambaa dukani. Nikainua macho. Penye kona ya mtaa wetu, karibu na cherehani ya fundi, alikuwa amesimama yule mama wa Kariokor. Amesimama tu, mikono imetulia, hasogei. Kando yake kijana mrefu, na alipofungua mdomo kuvuta hewa niliona pengo. Mkononi ameshika chondo ninachokijua, kile cha ayeyo.

Walikuwa wakingoja waulizwe.

Sikutaka kutoka. Abti aliyekuwa nyuma ya meza aliwaona pia, akakaa chini taratibu. Nikavaa viatu, nikavivua, nikavivaa. Nikaenda hadi pale kwenye kona.

"Amani?" nikauliza.

"Amani," mama akajibu. Alikuwa analia tayari, lakini alijibu kama inavyopaswa.

Dresa akachukua zamu. Alizungumza kwa Kisomali, kibovu, kila neno mahali pake, na nikajua ni nani aliyemfundisha. Mvua imenyesha, akasema. Mto umejaa mpaka kwenye mikindu. Ng'ombe hawapo tena. Mbuzi wamebaki wachache, yule mweupe mwenye pembe moja amezaa.

Nikamuuliza yule mwekundu. Akasema yupo. Nikamuuliza yule kilema, nikamuuliza wa jirani zetu, na wa jirani wa jirani. Alinijibu wote, kwa subira, mmoja mmoja. Nilikuwa nikitafuta mbuzi mwingine wa kumuulizia.

Kisha mbuzi wakaisha, zikabaki habari za watu.